Dai ya kufulia chuma cha moto: stili ngumu kuliko zote siyo unayoitafuta

Kaka mmoja wa Mwanza kauliza hivi, nafupisha: wana karakana yao, wanafua sururu, tindo na nyundo za mawe kwa ajili ya wachimbaji wadogo wa upande wa Geita, malighafi ni springi na ekseli za malori, wanapiga kwa presi ya skrubu ya Kichina na pembeni wana nyundo ya hewa. Dai (yaani "die", bloku la chuma lenye shimo la umbo la bidhaa) wanachonga nzima kwenye bloku moja. Za mwanzo walichonga kwa EN8, stili ya kawaida ya kaboni, zikawa zinabonyea kingo na shimo linatanuka mpaka bidhaa inatoka nene. Muuzaji akawaambia chukueni D2, ndiyo ngumu kuliko zote, wakachonga, wakaikaza, ikapasuka katikati kabla wiki haijaisha. Sasa kuna mwingine anawauzia H13, stili ya kazi ya moto, kwa bei inayouma, na swali ni je inastahili hiyo hela au kuna stili nyingine ngumu zaidi ya hapo?

Jibu la haraka: kwenye presi weka H13, kwenye nyundo ya hewa weka stili yenye nikeli iitwayo 1.2714, na D2 achana nayo kabisa kwa kazi ya moto. Lakini kaka ukiishia hapo ukaenda dukani, miezi miwili mbele utaniuliza mbona H13 nayo imepasuka, kwa hiyo vumilia kidogo tuende taratibu.

Hilo neno "ngumu kuliko zote" ndilo limekuponza. Dai ya moto haifi kwa njia moja. Inaweza kulika taratibu kwa sababu chuma cha moto na magamba yake (ile ngozi ya kutu inayotokea tanuruni) vinaisugua. Inaweza kubonyea, maana uso wake umepata moto ukalainika na mzigo bado uko palepale. Inaweza kuota nyufa ndogondogo za wavu usoni. Au inapasuka pande mbili kwa mara moja, pwaa, na siku hiyo omba Mungu asiwepo mtu mbele yake. Ugumu unasaidia kwenye kulika na kubonyea, ila ukiuzidisha unaharibu kwenye kupasuka. EN8 yako ilikufa kwa kubonyea, D2 ikafa kwa kupasuka, yaani ulikimbia tatizo moja ukaenda kukumbatia la upande wa pili, na stili unayoitaka iko hapo katikati.

Kwanza tuone EN8. Hiyo ni chuma cha kaboni karibu 0.4 kwa mia, hakina aloi ya maana. Springi yako unaitoa kwenye tanuru ikiwa nyuzi 1100 mpaka 1200 na zaidi, unailaza kwenye dai, unapiga. Uso wa dai, ile ngozi ya juu tu, unaweza kufika nyuzi 600 kwa muda mfupi, na kwenye kona nyembamba hata kupita hapo. EN8 hata ukiikaza vizuri kwa maji, ikifika joto hilo mara kwa mara ugumu wote inaurudisha, inabaki laini kama ulivyoinunua. Wanaochonga dai kwenye vipande vya reli au springi nene wanapata ahueni kidogo mwanzoni maana kaboni iko juu, lakini mwisho wake ni uleule, joto linaila.

H13 imetengenezwa kwa ajili ya hilo joto. Ndani ina kaboni karibu 0.4, kromiamu 5, molibdenamu kama 1.3 na vanadiamu 1 kwa mia. Molibdenamu na vanadiamu ndiyo unazolipia. Ukiitempa (kuipasha tena kwa joto la chini zaidi baada ya kuikaza) kwenye nyuzi 500 na kitu mpaka 600, zinaungana na kaboni na kutengeneza chembechembe ndogo sana ngumu ambazo haziyeyuki wala kukua haraka kwenye joto la kazi, ndiyo maana stili inashikilia ugumu wake wakati EN8 ishasalimu amri. Halafu kaboni yake siyo nyingi, kwa hiyo inavumilia kishindo.

D2 ni kinyume. Kaboni 1.5, kromiamu 12, imejaa vipande vikubwa vya kabaidi (kaboni iliyoungana na metali, ngumu sana), ni stili ya baridi, ya kukatia bati na kutoboa sahani na kazi hiyo inaiweza hasa. Ukiiwekea chuma chekundu juu yake, ukapiga, ukatoa, ukapulizia maji, ni kama kumimina chai ya moto kwenye glasi iliyotoka friji, haina pa kunyumbukia. Muuzaji hakukudanganya aliposema ni ngumu, ila hakukuuliza unafanyia nini.

Kuhusu majina, usije ukababaika: H13 ni jina la Kimarekani, Wajerumani wanaiita 1.2344, Wajapani SKD61, Wachina 4Cr5MoSiV1, vyote vinafanya kazi ileile. H11 ni 1.2343, mdogo wake, vanadiamu iko chini, inavumilia kishindo vizuri zaidi ila inalika haraka kidogo, ukiipata kwa bei nzuri ichukue bila wasiwasi. Ile ya tangsteni, H21 au 1.2581, utakuta watu wanaisifia kwa kushika moto na ni kweli inashika, ila haipendi kabisa kupoozwa kwa maji na kishindo haikiwezi, kwa karakana yako siishauri.

Sasa kwa nini nimekutenganishia presi na nyundo? Ni muda wa mgusano. Nyundo inapiga na kuachia papo hapo, joto halipati muda wa kuzama kwenye dai, lakini kishindo ni kikali. Presi inakaa zaidi na chuma cha moto, na haidroliki ndiyo mbaya kuliko zote, inakandamiza polepole na joto lote linahamia kwenye dai. Presi ya skrubu iko katikati. Kwa hiyo nyundo inataka stili yenye moyo wa kuvumilia, na hapo ndipo inaingia 1.2714, wengine wanaiita 55NiCrMoV7, Wajapani SKT4, na ya Kichina iliyo jirani yake ni 5CrNiMo. Ina nikeli kama 1.7, hiyo ndiyo inayoipa uvumilivu. Ugumu wake kwa nyundo uweke 38 mpaka 44 HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell), usiende juu zaidi. H13 ya presi weka 46 mpaka 48. Najua utaona 48 ni ndogo ukikumbuka D2 uliikaza mpaka karibu 60. Iache hivyohivyo.

Na kama huna pa kufanyia hiti tritimenti (kukaza na kutempa) ya uhakika, mimi ningekwambia anza na hiyohiyo 1.2714 hata kwenye presi. Sababu ni moja, inauzwa ikiwa tayari imekazwa na kutempwa kiwandani, karibu 40 HRC, unaichonga hivyohivyo kwa visu vya mashine vya kabaidi, taratibu, mashine iwe imara, ukimaliza unaifunga kwenye presi unaanza kazi. Itabonyea mapema kuliko H13 nzuri, sawa, lakini itaishi kuliko H13 iliyokazwa kwenye tanuru la mkaa kwa kukisia. H13 iliyopikwa vibaya ni hela ya kutupa.

Maana H13 haipikwi kama springi. Wahunzi wengi wanatumia sumaku, chuma kikiacha kuvutwa wanakichovya. Sumaku inaachia kwenye nyuzi 770 hivi, na H13 inataka 1010 mpaka 1030, yaani ukiichovya pale sumaku ilipoachia hujafanya chochote, utapima utakuta imekaza kidogo tu, utasema umeuziwa feki. Unahitaji tanuru lenye thamokapo (kipima joto cha tanuru) inayosema ukweli. Unaipasha kwa hatua, unasimama kwenye 650 mpaka ndani na nje vilingane, unasimama tena 850, ndiyo unapanda haraka mpaka 1020, unashikilia kama nusu saa baada ya moyo wa kipande nao kufika. Na uso lazima ukingwe usiguswe na hewa, la sivyo kaboni inatoka ngozi inabaki laini, unaifunga kwa foili ya stenlesi au unaizika kwenye boksi la chuma lenye vumbi la kasti aini. Kupooza, kipande cha unene wa milimita 60 hakihitaji hata oili, feni yenye nguvu pande zote inatosha, na kamwe usitumie maji.

Hapa watu wengi ndiyo wanaharibu: ikishuka kufika nyuzi 50 mpaka 70, yaani bado inachoma mkono ukiigusa, iingize kwenye temparingi saa hiyohiyo. Usiseme kesho asubuhi. Iko imejaa msukumo ndani na inaweza kupasuka yenyewe usiku ikiwa mezani bila kuguswa na mtu. Tempa kwenye 590 mpaka 610, saa mbili au zaidi, iache ipoe mpaka joto la kawaida, halafu rudia tena joto lilelile, na mara ya tatu ukiweza ni bora. Kwa joto hilo utaangukia 45 mpaka 48 HRC, pima baada ya kila raundi, ukiona bado iko juu panda nyuzi kumi raundi inayofuata. Usitempe kwenye 500 ili ubaki na ugumu mkubwa, kwenye joto hilo H13 inakuwa ngumu kweli lakini uvumilivu wake ndiyo uko chini kabisa.

Pa kufanyia hayo: ulizia SIDO (shirika la viwanda vidogo), vyuo vya uhandisi, na karakana kubwa za migodi, swali la kuwauliza siyo "mnakaza chuma?" maana kila mtu atasema ndiyo. Waulize tanuru linafika nyuzi ngapi, wanalinda uso kwa kitu gani, na kama watakupa karatasi ya vipimo vya ugumu. Akianza kukueleza rangi ya chuma kwa macho, mshukuru uondoke.

Turudi kwenye bei sasa, maana hiyo ndiyo roho ya swali lako. Umesema mnachonga dai nzima kwenye bloku moja. Piga hesabu: bloku ya milimita 300 kwa 200 kwa 120 ni kama kilo 56, ya juu na ya chini ni kilo 112 za H13, lazima iume. Lakini sehemu inayopata shida ni ile inayogusana na chuma cha moto tu, pengine 160 kwa 90 kwa 60, ambayo haifiki kilo 7. Chonga bloku kubwa kwa EN24 (stili ya aloi ya nikeli na kromiamu) iliyokazwa kiasi au hata 1.2714, tengeneza chumba ndani yake, halafu pachika kipande cha H13 kwa kubana na kabari. Kikichoka unabadilisha hicho tu, bloku linabaki miaka. Hakikisha kipande kimekaa flati chini kabisa, pakiwa na uwazi hata wa unene wa karatasi kitapasuka kwa kupinda, na kona za chumba zisiwe kali. Sururu ni ndefu, najua, kwa hiyo hapo pachika H13 kwenye eneo la tundu la mpini tu ambako ndiko mnakolia, mabawa yaache kwenye bloku lenyewe.

Kona. Nikiona dai imepasuka cha kwanza naangalia kona za shimo kabla sijauliza stili gani. Kona kali ya ndani ndipo ufa unapoanzia, stili iwe ya Ujerumani au ya mbinguni. Weka mviringo wa milimita 3 angalau, zaidi ukiweza, hata sururu haidai kona kali. Usigonge namba za panchi karibu na shimo. Ukichonga kwa mashine ya cheche za umeme, ile ngozi nyeupe inayobaki isagwe na kung'arishwa yote, kisha tempa tena nyuzi 25 chini ya mara ya mwisho, kwa sababu ngozi hiyo huwa tayari ina nyufa ndogo usizoziona. Na ukinunua fimbo nyeusi ambayo haijachongwa, ondoa milimita tatu hivi kila upande kwanza, ngozi ya juu kaboni yake ilishatoka kiwandani.

Ukishaifunga, iliyobaki ni joto la kuanzia asubuhi. Nadhani hata D2 yako ingeishi siku kadhaa zaidi mngeipasha. Dai ipashwe mpaka nyuzi 200 au 250 kabla ya pigo la kwanza, kwa kichomeo cha gesi kinachotandaza moto, siyo kuchoma sehemu moja na oksijeni. Chini ya 150 stili hizi zinavunjika kirahisi sana. Kutema mate yakachemka siyo kipimo, hiyo inakwambia imepita 100 tu, nunua chaki ya joto (inayoyeyuka ikifika nyuzi zake) au bunduki ya infraredi, ila bunduki ilenge sehemu nyeusi maana kwenye uso unaong'aa inasoma uongo, inasema baridi wakati ni moto.

Upande wa pili ni kutoizidishia joto. Ukishapiga, toa kazi mara moja, usiiache imelala kwenye dai huku unajibu simu. Nyufa za wavu zinatoka hapo: ngozi inapata moto inataka kutanuka, mwili wa chini uko baridi unaikatalia, inabinywa, ikipoa inavutwa, na hivyohivyo kila pigo mpaka inachoka. Kwa hiyo unapunguza tofauti ya joto. Pulizia grafaiti iliyochanganywa na maji, ukungu mwembamba tu, usimwage ndoo wala kupiga kitambaa cha maji. Oili chafu ya injini najua mnaitumia, inatoa moshi mbaya na ikinaswa chini kwenye shimo inalipuka ukipiga, nimeona inavyotupa kazi juu. Kwa nyundo wazee wanatupia vumbi la mbao, siyo mbaya, linasukuma kazi itoke. Na magamba ya moto yapige brashi ya waya kabla ya kuweka kwenye dai, yale ndiyo msasa wenyewe unaoila.

Kuhusu naitraidi, yaani kuingiza naitrojeni kwenye ngozi ya stili, kwamba mtu kakwambia uifanyie H13 iwe ngumu usoni: inafaa kweli kwa kulika, ngozi ya unene wa sehemu mbili za kumi za milimita yenye ugumu mara mbili ya mwili. Lakini subiri. Kama dai bado zinapasuka, naitraidi itaongeza ugonjwa. Ikishakuwa zinakufa kwa kulika tu, ndiyo unaenda huko.

Kwenye kununua, omba cheti cha kiwanda chenye namba ya mkupuo (stili iliyoyeyushwa pamoja), na namba hiyohiyo iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ukipata mtu mwenye bunduki ya XRF (inayosoma aloi za chuma kwa eksirei), hasa hawa wanaofanya kazi na migodi au chuma chakavu kikubwa, mwombe akupigie, uone kromiamu 5, molibdenamu moja na kidogo, vanadiamu karibu 1. Ila ujue bunduki hiyo kaboni haioni, kwa hiyo inakuhakikishia familia tu. Cheche za grainda hazitoshi kukupa uhakika huo, hata fundi awe mzoefu vipi.

Mwisho, hicho kipande cha D2 kilichopasuka usikitupe, kiangalie kwanza uso wa mpasuko. Ukikuta sehemu yake ni nyeusi au ya bluu, ufa ulikuwepo tangu siku ya kukaza, moto wa temparingi uliingia ndani ukaupaka rangi, hapo anayekukazia ndiye wa kuulizwa kabla hujampelekea H13 ya bei. Ukikuta ni kijivu safi na punje ndogo, ulipasukia kwenye presi, kwa baridi na kishindo. Punje kubwa zinazong'aa kama sukari maana yake ilichemshwa kupita kiasi. Nitumie picha ukishaangalia. Na kama nusu zilizobaki ni nzima, chonga visu vya kukatia bati, kwa kazi hiyo ya baridi D2 itakudumia vizuri tu.